Jiko la choma la marehemu baba: skrubu ya kuinulia wavu, bawaba na magurudumu vyote vimeshikwa

NyarNyalenda, Kisumu

Hamjambo wapendwa. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kufungua vyuma vilivyokaa muda mrefu.

Nina jiko la kuchomea nyama ambalo baba alitengenezewa pale Kibuye mwaka 1993. Ni pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, nusu ya chini imesimama kwa miguu ya chuma cha pembe, nusu ya juu ndiyo kifuniko. Baba alichoka kuona nyama ikiungua kila mafuta yanapodondokea makaa, akamwomba fundi amtafutie njia ya kupandisha na kushusha wavu. Fundi akachukua skrubu ya jeki ya lori iliyokufa, akaisimamisha ubavuni mwa pipa, akaitia mkono wa kuzungusha. Moto ukiruka, unazungusha mara tano sita, wavu unapanda, mbuzi wako anabaki salama. Sijaona jiko lingine la namna hiyo hapa Kisumu.

Baba alifariki 2016. Jiko likabaki nyuma ya nyumba chini ya mwembe, na majivu ya mwisho ndani yake. Turubai lilichanika, mvua ikaingia. Sasa skrubu haizunguki hata nywele. Bawaba mbili za kifuniko zimeganda, magurudumu mawili hayaendi, na kile kidirisha cha hewa cha chini (bamba la duara linalozunguka kwenye ribiti moja, yaani msumari uliopondwa pande zote mbili) kimekuwa kitu kimoja na pipa.

Nimepuliza kopo zima la WD-40, yale mafuta ya kulainisha vyuma vilivyoshika, bila mafanikio. Mpwa wangu akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, tukasikia "tak", kichwa cha bolti ya bawaba kikaanguka chini. Nikasimamisha kazi hapo hapo. Fundi mmoja wa mtaani anasema tukate kila kitu kwa grainda tuchomelee vipya. Sitaki. Bawaba sawa, lakini skrubu ile ndiyo jiko lenyewe. Desemba tunakutana kumkumbuka mzee na ningetaka tuchomee hapo. Nina wiki saba.

FundiBondeni, Nakuru

Dada, pole. Umefanya vizuri kusimamisha kazi. Mimi nimefungua matrekta na majembe ya wakulima wa Njoro na Molo kwa zaidi ya miaka thelathini, na vyuma vingi nilivyoona vimeharibika viliharibiwa na bomba la kuongezea spana, kutu ikisingiziwa.

Toa majivu yote kwanza, mpaka pembeni, kwa brashi ya waya. Majivu hunyonya unyevu, na yana chumvi ya nyama ya miaka yote. Ukimimina mafuta juu yake unapika uji tu, hakuna kinachofika kwenye meno ya bolti na skrubu.

Kisha ujue adui ni nani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, zaidi ya mara mbili. Kati ya nati na bolti hapakuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo kutu imejikaza humo kama kabari. Mpwa wako alipovuta, nguvu iliishia kwenye shingo ya bolti, nati haikusikia kitu. Kazi yako ni kuvunjavunja hiyo kabari ili mafuta yapate mlango.

Kwa bawaba na ekseli ya magurudumu: shikilia nyundo nzito upande mmoja wa nati, na kwa nyundo ndogo gonga upande wa pili, ukizunguka pande zote sita. Gonga kwa haraka na wepesi, kama mtu anayebisha hodi. Halafu tia mafuta. WD-40 si mbaya, ila kwa kutu ya miaka hii mimi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha), nusu kwa nusu. Tikisa chupa kila unapotia kwa sababu hujitenga. Gonga asubuhi, tia mafuta, gonga jioni, tia mafuta. Siku nne. Spana iwe ya boksi yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hula kona za nati. Na ukianza kuzungusha, anza kwa KUKAZA kidogo sana, ndipo ufungue. Ikisogea robo, rudisha, tia mafuta, songa tena. Usiifungue mfululizo kwa furaha, unga wa kutu utajaa kwenye meno na itashika tena katikati.

Ikikataa, moto. Lakini futa mafuta yote kwanza na uache pakauke kabisa, asetoni huwaka kabla hujajua. Pasha nati, usipashe bolti, kwa sababu unataka nati itanuke peke yake. Ikikaribia wekundu hafifu ondoa moto, subiri wekundu upotee, gusisha mshumaa pale nati inapokutana na bolti. Nta itayeyuka na kunyonywa ndani.

Sasa hiyo skrubu. Nina mashaka kama ina kutu. Skrubu ya jeki ina meno mapana na hujazwa grisi, na grisi iliyokaa karibu na moto miaka ishirini hugeuka lami. Chukua msumari, kwaruza pale skrubu inapoingia kwenye nati yake. Ukipata unga wa kahawia, ni kutu. Ukipata kitu cheusi kinachong'aa na kunata, ni grisi iliyoungua, na dawa zake ni tofauti. Tujibu kabla hujagusa kitu kingine.

MiwaMuhoroni

Huku kwetu tunatumia molasi. Najua mtu akisikia hivyo anafikiria ng'ombe, lakini nimesafishia minyororo na vipuri vya plau. Sehemu moja ya molasi, sehemu tisa za maji, kwenye ndoo ya plastiki. Tumbukiza kipuri, funika kwa sababu ya nzi, angalia baada ya wiki moja. Cha kutu nzito kinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kutu inaachia, chuma kizima hakiliwi sana. Inanuka, ndoo iwe mbali na mlango. Ukitoa, suuza, kausha juani au motoni papo hapo na upake mafuta, la sivyo kufikia jioni kimeshika kutu mpya.

Usitie kitu cha alumini wala kilichopakwa zinki, kitaharibika. Lile bamba la kidirisha linafaa sana kwa njia hii, ukishalitoa. Ni jembamba, usiligonge, litapinda na halitaziba tena.

Kondele_Welda

Naongeza moja tu kuhusu moto. Angalia ekseli na bolti kama zina rangi ya kijivu yenye maua maua, kama mabati. Hiyo ni zinki. Ukiipasha inatoa moshi mweupe na usiku unapata homa, baridi na kifua kubana. Nimelala na hiyo homa mara mbili nikiwa kijana. Wenzangu walikuwa wananunua pakiti ya maziwa wakiamini yanaosha, lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi umekwenda kwenye mapafu. Kwaruza zinki yote kwanza, fanyia kazi nje, simama upande upepo unakotoka. Kwa sababu hiyo hiyo, usibadilishe wavu kwa waya wa zinki hata kama ni wa bei rahisi.

NyarNyalenda, Kisumu

Fundi wa Bondeni, ni NYEUSI. Imeng'aa kama lami ya barabara na imenata kwenye msumari. Miaka yote hii nilidhani ni kutu. Nifanyeje?

FundiBondeni, Nakuru

Basi umeshinda nusu ya vita, chini ya lami hiyo chuma huwa kipya. Funga kitambaa kilicholowa mafuta taa kuzunguka nati, kifunike kwa karatasi ya plastiki kisikauke, uache siku mbili, ukilowesha asubuhi na jioni. Ondoa, futa, acha pakauke kutwa nzima mpaka harufu iishe. Ndipo upashe nati kwa gesi, polepole, joto tu, hatutaki wekundu hapa. Lami italainika. Zungusha kwa mkono wake, mbele na nyuma. Usigonge ncha ya skrubu kwa nyundo, ukiponda jino la kwanza haitapita kwenye nati tena.

NyarNyalenda, Kisumu

Nimerudi, wiki tano baadaye. Skrubu imezunguka!

Ilikuwa Jumamosi ya pili. Tulifuata kama ulivyosema, na jirani mwenye gesi akapasha kama dakika nne. Mara ya kwanza ilisogea kiasi cha ukucha. Mpwa wangu alitaka kuendelea kuvuta, nikamshika mkono, tukarudisha. Ilituchukua karibu saa mbili kuitoa yote. Nilipoiosha kwa mafuta taa meno yalikuwa meupe kama ya jana. Kwenye nati kuna alama mbili za panchi, na kwenye bamba lililoishikilia zipo mbili pia, zinaelekeana. Fundi wa 1993 alimwekea alama atakayefungua baadaye ajue inarudije. Nilikaa chini kidogo hapo.

Magurudumu yalifunguka siku ya tano kwa ule mchanganyiko. Ekseli ilikuwa na zinki kweli, kwa hiyo hatukuiwekea moto. Kidirisha nilitoboa ribiti, nikalitia bamba kwenye molasi siku kumi na moja, likatoka jeusi na safi. Bawaba moja ilifunguka. Ile iliyokatika kichwa ilikataa kabisa, tumeipasua nati kwa msumeno wa chuma na tindo, na bawaba yenyewe ilikuwa imeliwa ikabaki kama karatasi. Nimeagiza mpya Kibuye.

Maswali mawili. Skrubu niipake nini isigande tena? Na fundi wa Kibuye anauliza kama pini ya bawaba mpya aichomelee au aiache.

FundiBondeni, Nakuru

Grisi hapana, ndiyo iliyokuletea haya. Saga risasi ya penseli laini iwe unga, upake kavu kwenye meno. Hiyo ni grafiti, haiungui kwa joto la jiko lako. Ndani ya pipa na kwenye wavu paka mafuta ya kupikia, membamba, kisha washa makaa mengi saa nzima bila nyama. Oili chafu ya gari isiguse jiko la chakula hata kwa nje.

Pini aiache. Apinde ncha moja, nyingine aitoboe na kuitia pini ndogo ya kuchomoa, ili kifuniko kitoke chote siku ya kuosha. Na mwambie naye apige alama zake mbili.

NyarNyalenda, Kisumu

Nimemwambia. Ameshazipiga.