Karatasi (vyeti) za ufundi: zimekufikisha wapi? Tupeane uzoefu

Fundi_Dandora: Leo nimepita Industrial Area, vijana wamejipanga nje ya NITA, wale wanaotahini mafundi, na ovaroli mpya. Nikakumbuka mbali. Mimi nilifanya Grade III ya kuchomelea, ile ngazi ya chini (ya juu ni Grade I), enzi NITA bado inaitwa DIT. Nyinyi mna karatasi gani?

StimaTu: Usinikumbushe! Niliweka waya ghorofa nzima Pipeline, kutoboa kuta, kupitisha paipu, kila kitu mimi. Kufika kuomba mita, mwenye nyumba anaambiwa fomu itiwe sahihi na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Nina cheti cha Craft cha KNEC, baraza la mitihani, leseni sina. Akaletwa jamaa mwenye leseni ya daraja la C-1. Akafungua boksi la fyuzi, akachungulia, akafunga, akasaini. Hela aliyoondoka nayo sitaki hata kuitaja. Cheti kinasema umesoma, lakini leseni ndiyo inakuruhusu.

Mama_Cherehani: Pole kaka. Ndivyo ilivyo.

Jembe_Kali: Grade I ni sawa na diploma, acheni kupoteza karo.

Mwalimu_wa_Poly: Nani amekudanganya? Diploma unaingia na C- ya KCSE, Craft na D, Artisan hata gredi huulizwi. Na siku hizi chini ya CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya ufundi, ni leveli: 4 artisan, 5 craft, 6 diploma. Grade Test ya NITA ni kitu kingine, inapima mkono.

Jembe_Kali: Leveli hazifungui boneti, mwalimu. Huku kwa mafundi wa magari Kirinyaga Road hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi.

Mwalimu_wa_Poly: Basi kaa huko huko.

Ovaroli_Chafu: Ngojeni niwape ya kwetu karakana. Aliajiriwa jamaa na Grade I ya mashine, wino bado unanukia River Road, kule kwa vyeti feki. Mdomo, usiseme. Wiki ya kwanza foremani akampa shafti akate nyuzi kwenye leith, ile mashine inayozungusha chuma kikikatwa. Akaikaza vizuri tu, halafu akaacha ule ufunguo wa T wa kukazia pale pale kwenye meno ya mashine yanayoshika chuma, akawasha. Wenye kujua mmeshashika kichwa. Ulitoka kama risasi, ukapita karibu na sikio langu, ukapasua dirisha la mhasibu. Mama wa watu alikuwa anakunywa chai, akabaki ameshika mkono wa kikombe, kikombe chenyewe hakipo. Foremani akaenda kuulizia namba ya cheti: ilikuwa ya dada aliyetahiniwa ushonaji! Tulipogeuka jamaa ameshatoka, kofia ameacha.

Mama_Cherehani: 😂😂 Jamani huyo dada asije akawa mimi.

Fundi_Dandora: Sasa hapo mhasibu alilipwa fidia?

Ovaroli_Chafu: Alilipwa kikombe.

Bomba_Safi: Turudi kwenye mada. Kama una ujuzi lakini huna karatasi, ulizia RPL, yaani kutambuliwa ujuzi ulio nao tayari. Unapimwa unachojua, hurudi darasani.

Jembe_Kali: Mbona nipimwe na mtu asiyejua kushika spana?

StimaTu: Anza Grade III, panda polepole.

Bomba_Safi: Usimsikilize. Mkono ukiwa mzuri waulize kama utaruhusiwa Grade II moja kwa moja.

Mwalimu_wa_Poly: Na wa mjengo wasisahau kujisajili NCA, mamlaka ya ujenzi.

Msichana_wa_Umoja: Samahani nimechelewa. Cheti kikipotea unaanzia wapi?

Fundi_Dandora: Polisi, chukua abstrakti (karatasi ya kuonyesha umeripoti).

Jembe_Kali: Ama River Road.