Mjadala: Je, tukipanda miti popote, mvua itakuja?

Mtoa mada: Wakuu, kauli ya "panda miti mvua ije" imezoeleka mpaka anayeihoji anaonekana adui wa mazingira. Mimi naihoji. Mti hautengenezi maji. Unayafyonza ardhini, kisha unayatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani. Mvuke huo ukanyeshe wapi? Upepo ndio unaoamua.

Najua mtanitajia Amazon. Sawa. Miaka ya 1970 mtafiti wa Brazil, Enéas Salati, alipima aina za oksijeni kwenye maji ya mvua kuanzia pwani kuingia bara, akaonyesha kuwa karibu nusu ya mvua ya bonde lile hutokana na mvuke unaorudishwa angani na bonde lenyewe. Lakini pale Atlantiki inaleta unyevu, msitu unaupokea na kuusogeza mbele. Pasipo cha kupokea, utasogeza nini? Afrika Kusini ilianza mwaka 1995 mpango wa kukata miti vamizi ya kigeni, mikaratusi ikiwemo, kwa kuwa ilikuwa inamaliza maji ya mito.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umehesabu maji ukasahau joto. Kila lita inayogeuka mvuke inachukua takriban megajuli 2.4 za nishati ya joto. Ndiyo maana jua la saa saba linaunguza nyayo kwenye ardhi tupu, na hatua chache ndani ya msitu kuna ubaridi. Halafu kuna ukame wa Sahel, ule ukanda mkavu kusini mwa Sahara: mwaka 1975 mtaalamu wa hali ya hewa Jule Charney alieleza kwamba malisho yakipita kiasi, ardhi tupu huakisi jua zaidi, hewa ya juu yake inapoa na kushuka, mawingu yanakosa kujengeka.

Mtoa mada: Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa chanzo kikuu cha ukame ule kilikuwa joto la bahari, kupungua kwa uoto kuliuzidisha tu. Na hoja hiyo ya kuakisi inakugeuka ukifika Siberia au Kanada. Theluji huakisi mwanga. Ukiifunika kwa misonobari yenye kijani kilichokoza, joto linafyonzwa. Msitu mpya huko unaweza kuongeza joto huku ukihifadhi kaboni.

Mchangiaji wa pili: Kwa hiyo tusipande?

Mtoa mada: Sijasema hivyo. Msitu wa asili uliopo usiguswe, hilo halina mjadala kwangu. Ninaowauliza ni wenye mipango ya mamilioni ya miche kwenye nyanda kavu: kabla ya kuchimba mashimo, mmepima maji ya chini ya ardhi?