TSH imepita kiwango lakini naambiwa thairodi (ile tezi ya shingo) iko chini, nisaidieni kuelewa

mama_watatu_donholm
Habari za jioni wadau. Nimechoka tangu Aprili, nywele zinabaki kwa kitana, na hii baridi ya Julai nalala na sweta mbili. Nikapimwa damu. Karatasi inasema TSH 9.8 na kando 0.4–4.0, alafu FT4 10.6 na kando 12–22. Daktari alikuwa na foleni ndefu akaniambia tu thairodi iko chini, meza hii kila asubuhi, rudi baada ya wiki 6. Sasa iko chini aje na 9.8 imepita 4? Sijalala, naona kama walichanganya karatasi na ya mtu mwingine.

mpima_damu
Dada hawakuchanganya. TSH haitoki kwa thairodi, inatoka kwa katezi kadogo chini ya ubongo. Umeona makanga akigonga bodi ya mat? Dere akisikia, makanga ananyamaza, asiposikia makanga anagonga zaidi na zaidi. Dere ndio thairodi, TSH ndio huko kugonga, na FT4, homoni ya thairodi, ndio kazi yenyewe. Kwako kugonga kumefika 9.8 na kazi bado ni 10.6, kwa hivyo tezi ndio imelegea. Na usilinganishe na karatasi ya jirani, kila lab ina viwango vyake. Ukirudi uliza kama watapima antibodi za TPO, zinaonyesha kama ni mwili wenyewe unashambulia tezi.

shosh_mdogo
Pole sana mum. Hiyo dawa imeze na maji peke yake, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Mimi miezi minne nilikuwa naimeza na chai ya maziwa pamoja na tembe za kuongeza damu, TSH ikakataa kushuka nikaongezewa dozi bure, hakuna mtu alikuwa ameniuliza naimeza aje. Za kuongeza damu na za kalsiamu ziache masaa 4. Na kama unapanga mtoto waambie mapema tafadhali.

mpima_damu
Kitu ingine, kuna tembe za nywele unatumia? Biotini nyingi, ile vitamini huwa kwa hizo tembe, inadanganya mashine kadhaa za lab, TSH inaonekana chini kuliko ilivyo na FT4 juu.

mama_watatu_donholm
Nimeenda kuangalia mkebe saa hii, biotini maikrogramu 10,000! Nilianza juu ya hizo nywele. Kwa hivyo 9.8 inaweza kuwa hata zaidi?

mpima_damu
Inaweza. Usiache dawa ya daktari, acha hizo za nywele, angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu tena, na uwaambie ulikuwa unazitumia.

mama_watatu_donholm
Asanteni sana. Kesho dawa saa kumi na moja na nusu nikiamsha watoto, chai baadaye.