Jimu ya jirani imebandika madarasa mapya: nilipie miezi mitatu au nisubiri?

FundiNguo_Sinza

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa, maana ofa yao inaisha Ijumaa.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 43, fremu yangu iko Sinza, Dar es Salaam. Hatua kama mia kutoka kwangu kuna godauni lililokuwa la mbao, mwaka jana likageuzwa jimu. Siyo zile za vioo na mashine za kukimbilia. Humo ndani kuna matairi ya lori, kamba nene kama za meli, masanduku ya mbao na vyuma vyenye mpini, kama birika lisilo na mdomo. Wenyewe wanasema ni mazoezi ya kuusaidia mwili kwenye kazi za kila siku.

Jumatatu wamebandika karatasi getini. Nikaenda kusoma na tepu yangu ya kupimia shingoni. Kuna darasa la msingi la wiki 4 kwa wasiowahi, saa 12:30 jioni, mwisho watu 10. Kuna la wenye miaka 55 na kuendelea, saa 3 asubuhi. Jumamosi hii ni siku ya wazi, unaingia bure. Mwezi ujao kuna shindano la wanachama. Ada ni 90,000 kwa mwezi, ukilipa miezi 3 kwa mpigo ni 210,000, na kuna kadi ya mara 10 kwa 65,000.

Halafu wameandika kwa herufi kubwa: TABATA, JUMANNE NA ALHAMISI, SAA 12 ASUBUHI. Nikajiuliza, mimi niko Sinza, niamke alfajiri nipite Shekilango, Ubungo, niingie Mandela na foleni ile, kwenda kufanya mazoezi mtaa wa Tabata? Nikamuuliza kijana wa mapokezi, "Tabata ipi, Bima au Relini? Na usafiri mnatoa nyie?" Alicheka mpaka akakaa chini. Hakunijibu. Mpaka sasa nikipita ananipungia mkono anasema "Relini!"

Kilichonifikisha hapa ni mgongo. Mwezi wa pili nilikuwa nashusha kichwa cha cherehani kutoka kwenye bajaji, nikasikia kiuno kimesema *ka*. Siku tatu nilishona nimesimama, na nguo za harusi ya watu zilikuwa zinanisubiri. Zahanati walinipa dawa na kuniambia nifanye mazoezi. Mazoezi gani, hawakusema. Sasa hivi siumwi, ila nikiinama kuokota mkasi naomba dua kwanza.

Kwa hiyo: hiyo Tabata ni nini? Nianze na darasa lipi? Miezi 3 ni busara au natapeliwa? Na la mwisho, mimi ni wa mtandio. Kuruka masanduku mbele ya vijana wa watu sitaweza.

---

Kichurachura_Mstaafu

Dada fundi, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, nimecheka mpaka konda kadhani namcheka yeye.

Tabata ni jina la Mjapani, Profesa Izumi Tabata. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitoa utafiti uliotokana na mazoezi ya timu ya taifa ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Unajituma sekunde 20, unapumzika sekunde 10, unarudia mara 7 au 8. Jumla dakika 4. Watu wakisikia dakika 4 wanakimbilia kulipa, ndiyo maana jimu wanaipenda hiyo karatasi.

Ila hawakwambii ya pili. Wale wa kwenye utafiti walikuwa vijana wa chuo, wanamichezo, juu ya baiskeli isiyokwenda popote, wanakanyaga mpaka miguu inagoma. Ndani ya wiki 6 pumzi ziliongezeka kweli. Lakini baiskeli haina cha kukuvunja mgongo. Huku kwetu kocha anachukua sekunde zilezile, anatoa baiskeli, anaweka skwati (kuchuchumaa na kuinuka), kuruka sanduku na bapi (unachuchumaa, unatupa miguu nyuma, unainuka na kuruka). Ukichoka kwenye baiskeli unapunguza mwendo. Ukichoka kwenye kunyanyua kitu unaanza kukinyanyua kwa kiuno. (Na hiyo bapi, Mmarekani Royal Burpee aliyeibuni miaka ya 1930 alitaka kupima afya ya mtu kwa marudio machache tu. Kumkomoa mtu mara mia tumeongeza wenyewe.)

Mimi nimepita JKT, nimerukishwa kichurachura mpaka nikaota naruka. Sasa hivi nina mwaka wa tatu kwenye jimu ya aina hiyo, upande wa Kimara. Nakwambia kitu kimoja: darasa la msingi ndilo lenye thamani, na ndilo watu wanaloliruka kwa sababu linachosha macho. Wiki ya kwanza unafundishwa kuinama. Basi. Mtu mzima unalipa ufundishwe kuinama, jirani akisikia anakuona umerogwa. Lakini kazi zote za mwili ni hizo: kuchuchumaa, kuinama, kusukuma, kuvuta, kubeba. Ukizijua hizo, tairi la lori ni mapambo tu.

---

Mzee_wa_Coco

90,000 kwa mwezi kwenda kubeba vitu? Njoo kwangu Goba siku bomba limekauka, utabeba ndoo bure na chai nitakupa. Sisi Jumamosi alfajiri tunakimbia mpaka ufukwe wa Coco, tunaimba mchakamchaka kama shuleni, gharama ni fulana ya kikundi tu. Mnapenda kuliwa hela nyie watu wa Sinza.

---

FundiNguo_Sinza

Mzee wangu, shikamoo. Maji nimebeba tangu darasa la pili, kijijini Muheza, ndoo ya lita 20 kichwani na mdogo wangu mgongoni. Kubeba najua. Ndoo ikishakaa kichwani ilikuwa haina neno, ila kila siku mtu alinitwisha. Kuitoa chini mwenyewe hakuna aliyenifundisha, na kichwa cha cherehani hakina wa kukutwisha. Na mbio zako za Coco hazitanifundisha hilo. Fulana nitawashonea kwa bei nzuri.

---

Viungo_na_Mifupa

Dada, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ila siwezi kukupima kwa simu, kwa hiyo chukua haya kama tahadhari.

Kama maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti, au mguu unapata ganzi au unalegea, onwa hospitali kwanza, jimu baadaye. Kama ganzi iko sehemu unazokalia, au haja ndogo na kubwa zinakushinda kuzizuia, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Kwa ulivyoeleza, mgongo uliouma siku chache ukatulia, mara nyingi dawa yake kubwa ni kurudi kwenye kujongea taratibu na kuongeza uzito kidogokidogo. Kuogopa kuinama miezi na miezi kunaudhoofisha zaidi. Pima presha kabla hujaanza, ni dakika mbili pale duka la dawa lenye kipimo.

Jambo la pili hawaandiki getini. Mtu ambaye hajafanya mazoezi muda mrefu akikamiwa siku ya kwanza, misuli inaweza kuvunjika na yaliyomo yakaingia kwenye damu, figo zikaelemewa. Dalili ni misuli kuvimba na kuuma kupita kiasi, udhaifu, na mkojo kuwa kama chai ya rangi. Ukiona hivyo usinywe maji ukalala ukidhani yatapita. Nenda hospitali.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa hiyo Mzee wa Coco na wewe kila mmoja ana nusu ya ukweli. Kwenye siku ya wazi mtazame kocha kuliko vyuma. Je, anauliza kama una maumivu? Anampunguzia uzito anayeshindwa, au anampigia makofi aendelee?

---

Mama_Kumekucha

Jimu hiyo naijua, nafanya hapo tangu wafungue. Mapazia ya kule nyuma umeyaona? Jumanne na Alhamisi saa 4 asubuhi ni wanawake watupu, kocha mwanamke, mapazia yanashushwa, mlango unafungwa. Hawajaandika getini, sijui kwa nini, wanatuambia kwa mdomo. Darasa la msingi unaweza kulifanyia humohumo, yule dada anafundisha yaleyale. Ramadhani saa zinasogezwa, tunafanya baada ya tarawehe, kidogo tu na wala hakuna kuruka.

Mtandio vaa ule wa kuvutika usio na pini. Pini ilinichoma mimi shingoni nikiwa nimening'inia kwenye bomba, kidogo niachie. Dera usithubutu, unalikanyaga ukipanda sanduku. Mimi navaa suruali pana na gauni linaloishia magotini. Wewe fundi, jishonee.

Miezi 3 usilipe. Chukua kadi ya mara 10, mwisho wake ni miezi 2, inatosha kujua kama mwili na biashara yako vinakubaliana. Na shindano achana nalo kwa sasa. Wameiga yale ya Wajerumani wa Hamburg, HYROX: kilomita 8 zilizokatwa vipande vya kilomita moja, na kila kipande kinaisha na kazi, kusukuma mzigo, kuvuta kwa kamba, kubeba vyuma mikono miwili, mwisho mpira mzito unaurusha ukutani mpaka mikono inakukana. Sisi tunafanya nusu yake. Mwaka jana nilikuwa wa mwisho na bado nilitaka kutapika kama wa kwanza.

---

FundiNguo_Sinza

Wakuu, nimerudi. Jana nilikwenda siku ya wazi, leo nawaandikia nimekaa kwenye mto.

Tulikuwa wageni 11. Kocha ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, akawa ananiita "mama," nikamwambia niite fundi. Alituuliza mmoja mmoja, nani anaumwa wapi, akaandika kwenye daftari. Nikasema moyoni, mtaalamu wa viungo umepata jibu lako.

Hakunipa chuma. Alinipa kipande cha bomba la plastiki, yale ya maji. Akaniambia nilishike nyuma ya mgongo liguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. "Sasa inama, lisiachie popote." Nikainama, kifandugu kikaachia palepale. Nikarudia, kikaachia kisogo. Akasema magoti yalegee kidogo, halafu rudisha makalio nyuma, kama unasukuma mlango na mikono imejaa mizigo. Hiyo nikaielewa! Kila siku nasukuma mlango wa fremu hivyohivyo nikiwa nimebeba majora. Nikainama, bomba likabaki limelala. Misuli ya nyuma ya mapaja ikavutika kama uzi uliokazwa zaidi, na kiuno kikawa kimya. Miaka 43 nilikuwa nainama kwa kukunja mgongo kama naokota ushanga.

Baada ya hapo ndipo akanipa birika la kilo 8, halafu la kilo 12. Nilinyanyua mara 5, nikaweka, mara 5, nikaweka. Alikuwa amechuchumaa pembeni anatazama visigino vyangu, hanitazami usoni kabisa.

Mwisho tukaonjeshwa Tabata, skwati bila uzito. Jamani, sekunde 20 ni ndefu kuliko foleni ya Ubungo, na zile 10 za kupumzika sijui nani anaziiba. Raundi ya 6 nikakaa kwenye sanduku. Kocha akasema "vizuri, kaa." Jirani yangu, kijana mwenye fulana imembana, alimaliza zote 8 akatoka nje kutapika kwenye mtaro.

Asubuhi ya leo choo chetu cha kuchuchumaa kimenitesa, nimeshuka nimeshika mlango kwa mikono miwili. Mkojo uko sawa, siyo chai ya rangi, nimekagua mara tatu.

Ofa je? Ile iliyokuwa inaisha Ijumaa bado iko getini. Tarehe wameikata kwa kalamu, wameandika nyingine pembeni. Nimechukua kadi ya mara 10. Kijana wa Relini ndiye aliyeniandikia risiti.

Mchana huu nimeweka kichwa cha cherehani chini, nikasimama karibu yake, nikarudisha makalio nyuma, nikakinyanyua mpaka mezani. Hakuna *ka*. Nikakirudisha chini, nikakinyanyua tena, mteja ameshika blauzi yake mlangoni ananishangaa.

Mama Kumekucha, Jumanne saa 4 niko hapo. Suruali nimeikata ya kitenge, pana, ina mpira kiunoni. Kitambaa kimebaki cha kutosha suruali ya pili, njoo na kipimo chako cha nyonga.