Kwa nini mchezo wa redio wa 1943 unasikika safi ila wa TV wa 1954 una ukungu?

mdadisi_usiku
Wakuu habari zenu. Wiki hii nimezama kwenye ile michezo ya kuigiza ya zamani ya Marekani, ile ambayo kila wiki ni hadithi mpya na waigizaji wapya, kinachobaki ni jina la kipindi tu. Jana nikazima taa nikasikiliza mchezo wa redio Sorry, Wrong Number kwenye kipindi cha Suspense cha kituo cha CBS, wa 1943. Yule mama mgonjwa kitandani anapiga simu, laini zinaingiliana, anasikia wanaume wawili wanapanga kumuua mwanamke usiku huohuo, basi nusu saa yote ni mwigizaji Agnes Moorehead na simu yake tu, operata hamwelewi, polisi hawamjali, mi nimebana pumzi mpaka mwisho. Sauti safi kabisa. Nikahamia TV, mchezo Twelve Angry Men wa kipindi cha Studio One, 1954, picha ina ukungu na nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Inakuwaje TV ishindwe na redio ya miaka 11 nyuma?

sikio_la_santuri
Mkuu, hapo ni suala la kurekodi. Redio walikuwa na santuri kubwa za inchi 16, upande mmoja unabeba kama dakika 15, sauti inachukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye laini ya studio, ikitunzwa vizuri ndo hiyo unayoisikia leo. TV ilikuwa laivu na mkanda wa video haukuwepo mpaka kampuni ya Ampex ilipotoa mashine yake 1956. Kabla ya hapo walikuwa wanachukua kamera ya filamu wanaielekeza kwenye skrini inayoonyesha kipindi, inaitwa kineskopu. Yaani unachotazama ni picha ya picha, lazima iwe na ukungu. Na hata hiyo tushukuru, Twelve Angry Men kwa muda mrefu ilibaki nusu tu, kopi kamili imekuja kupatikana 2003!

mama_tamthilia
Naongezea kwa aliyosema sikio. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mchezo Patterns wa mwandishi Rod Serling, kwenye kipindi cha Kraft Television Theatre, Januari 12, 1955. Watu waliipenda mno wakaitaka tena, sasa wafanyeje, waigizaji wakarudi studio Februari 9 wakaigiza upya laivu mwanzo mwisho. Fikiria hiyo kazi, hakuna kukosea, hakuna "tuanze tena", mtu anamaliza onyesho anakimbilia seti nyingine kamera inamsubiri. Mi naona ndo maana uigizaji wao una joto ambalo silipati kwenye vitu vilivyokatwa na kuungwa.

kalamu_huru
Joto lilikuwepo ila mdhamini naye alikuwa juu ya kila kitu, ona majina ya vipindi yenyewe, ni ya kampuni na bidhaa zao, Lux, Kraft, Philco. Kinachoniuma mpaka leo ni Judgment at Nuremberg kwenye kipindi cha Playhouse 90, 1959, mchezo unahusu mauaji ya Wanazi, walioua watu kwa gesi, na kati ya wadhamini kuna umoja wa makampuni ya gesi, basi neno gesi likazimwa sauti mtu akiwa anaongea. Kwenye jambo zito kama lile! Serling alichoka na kuingiliwa hivyo, mwaka huohuo akaanzisha kipindi chake cha TV cha hadithi za ajabu, The Twilight Zone, akawa anasema yaleyale kupitia viumbe wa sayari nyingine.

mdadisi_usiku
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Leo usiku ni Patterns, taa nazima tena.