Tupeane uzoefu: uliyefunga koni (chujio la hewa la wazi, lisilo na boksi) kwenye gari la spoti, ulipata mbio au ulipata mlio tu?

bokseri_07

Wakuu habari za saizi. Nina Impreza WRX ya 2001, ile ya macho duara, injini EJ20 ya turbo, manyuali. Mwezi uliopita nikaingia Gerezani kutafuta brekipedi nikatoka na koni ya hewa na bomba lake la alumini, laki na themanini, brekipedi sikununua. Jumamosi nikajifungia chini ya mwembe hapa Tabata nikatoa boksi la eyaklina, kazi ya dakika arobaini hivi, kilichonisumbua ni ile sensa ya MAF, yaani ya kupima hewa inayoingia, inayokaa kwenye mdomo wa boksi, ina skrubu mbili ndogo na kampira kembamba kama pete, kampira kakabaki ndani ya boksi la zamani mi sijui, nikaja kukakuta kesho yake.

Sasa wakuu ule mlio. Nimetoka nao Bagamoyo Road, ukikanyaga unasikia turbo linavuta hewa kama mtu anakunywa uji wa moto, ukiachia linapiga chafya. Nilikuwa natafuta foleni ya taa nyekundu makusudi ili nipate kuondoka upya.

Wiki haijaisha sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga, ikaanza kuwinda, inapanda inashuka, halafu taa ya injini ikawaka. Kupima kwa mashine ikaja P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. Fundi wa kwanza akaniambia ninunue oksijeni sensa, nilishatoa hela mfukoni kabisa. Leteni yenu, kabla sijaongeza hasara.

zege_halilali

Usinunue sensa mkuu, shika hela yako kwanza. Pima kipenyo cha bomba hilo pale sensa ilipokaa halafu pima na la kampuni.

Sensa ile ina kawaya kanakopashwa moto, hewa ikipita inakapoza, na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inahesabu hewa iliyoingia kwa kuangalia umeme unaotumika kukarudishia joto lake. Ilishapangiwa tundu la upana fulani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ileile inapita taratibu pale kwenye waya, sensa inaripoti kidogo, kontrol boksi inamwaga mafuta kidogo. Gari lisilo na turbo litakulalamikia tu. La turbo ukilikanyaga hivyo mchanganyiko unalipuka ovyo kabla ya wakati wake, na hizo EJ pistoni zake hazisamehi, ule ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi unapasuka, hapo ndo unakuta moshi wa bluu na mtu anaanza kuulizia injini ya mtumba.

bokseri_07

Nimepima kwa rula sasa hivi, la kwangu limezidi kama milimita 8. Aisee.

Kirinyaga_Rd_Daily

Mi niko Nairobi, Golf GTI Mk5. Yangu haikuwa bomba, ilikuwa ujinga wangu mwenyewe. Niliweka ile filta ya pamba ya kuoshwa na kupakwa oil, nikakaa nayo mwaka poa tu. Sasa siku ya kuiosha nikafikiria oil ikiwa mingi ndio itashika vumbi zaidi, nikaimwagia mpaka ikawa inadondosha kama chapati ya kibanda, sikungoja hata iingie kwa kitambaa nikairudisha nikapanda Thika Road. Kufika Roysambu gari imekuwa nzito, ukikanyaga inafikiria kwanza. Ile oil ilikuwa imevutwa ndani ikapaka kale kawaya ka MAF.

Na hapo nikafanya kosa la pili, nikachukua spirei ya kabureta nikataka kuipuliza, mekanika mmoja mzee akanishika mkono. Kuna spirei yake ya MAF, haiachi mafuta, unapuliza kutoka mbali kidogo, hugusi waya na kidole wala na pamba, unaacha ikauke yenyewe ndio unarudisha. Ikarudi sawa. Sasa hivi napaka oil mstari mmoja mwembamba kwa kila mkunjo, naenda kulala, naifunga asubuhi.

mtambo_wa_babu

Injinia wa Kijapani kakaa miaka anachora lile boksi, we unalitoa kwa bisibisi chini ya mwembe. Haya endeleeni.

altezza_ya_kijivu

@mtambo_wa_babu cheka tu kaka, mi yangu ilinilaza chini kabisa. Altezza RS200, injini 3S-GE ile ya farasi 210. Nikasoma kwamba koni ndani ya boneti inavuta hewa ya moto, kweli kabisa, nikajiona mjanja nikafunga bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa, koni imekaa chini karibu na taa ya ukungu. Miezi ya jua raha tupu, na sitaki kudanganya, nilihisi gari limekuwa jepesi juu kule kwenye rpm 6,000.

Ikaja masika. Natoka Kariakoo narudi Magomeni, Jangwani maji yalikuwa hayajafika hata nusu ya tairi, daladala zinapita, nikasema napita. Mbele yangu lori likasukuma wimbi. Injini haikukohoa wala nini, ilipiga tup! mara moja, kimya. Mi bila akili nikajaribu kuwasha tena mara mbili, na hilo ndo linaniuma mpaka leo. Fundi alipofungua plagi na kuzungusha stata maji yaliruka mpaka kwenye boneti. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni inapanda inakutana na ukuta, konrodi moja, yaani mkono unaoshika pistoni, imepinda unaiona kwa macho bila kuweka rula. Injini nikanunua nyingine. Koni ile mpaka leo inaning'inia kwenye msumari pale gereji, ina tope kavu la Jangwani.

bokseri_07

Pole sana mkuu. Kuzima ukakaa kimya kumbe ndo ilikuwa dawa.

altezza_ya_kijivu

Ungezima ukasukuma labda ungeokoa. Kuwasha tena ndo kujimaliza.

wa_Ruwi

Assalaam alaykum ndugu zangu, mie niko Maskati, asili yetu Unguja. Huku hatuna masika ya Dar ila tuna mchanga, na mwezi wa sita jua linafika hata 45. Nna Fairlady Z33, nlifunga koni mbili fupi za wazi. Nkiwa barabara kuu inakwenda, sina ubishi. Nkikwama taa za Ruwi dakika kumi, gari halina nguvu hata ya kumpita mzee wa Corolla. Hesabu yake nyepesi, hewa ikitoka digrii 30 ikafika 60 inapungua uzito kama asilimia 9, basi umenunua kitu cha kukuongezea hewa ukaishia kuvuta hewa nyepesi.

Lakini lililonitoa kwenye koni si joto. Nlifungua bomba upande wa ndani, yaani baada ya chujio, nkapitisha karatasi nyeupe ya tishu na kidole. Imetoka rangi ya maziwa ya chai. Vumbi jembamba kama poda, limeshapita chujio, linakwenda kwenye silinda. Nkarudisha maboksi na chujio za karatasi siku ileile, tena nazibadilisha mapema kuliko kitabu kinavosema.

Kirinyaga_Rd_Daily

Hiyo ya vumbi ni ukweli. Zile Celica za Safari Rally miaka ya 90 zilikuwa zinapandisha snokeli kando ya kioo cha mbele, bomba limeenda juu mpaka karibu na paa, maji na vumbi lote libaki huko chini. Sisi tunaweka kwa bampa.

bokseri_07

Mrejesho wakuu. Jana nimerudisha boksi la kampuni, nikaweka chujio ya karatasi mpya na kale kampira, nikatoa betri kidogo ili kontrol boksi isahau ilichojifunza. Sailensa imetulia, taa haijarudi. Nilikuwa na kile kimashine kidogo cha kuunganisha na simu, kwenye foleni ya Mwenge koni ilikuwa inasoma hewa digrii 58, leo boksi foleni ileile 41. Mafuta ambayo kontrol boksi ilikuwa inaongeza ili kusawazisha yalikuwa asilimia 17 na koni, sasa yanacheza kwenye 2 au 3.

Ila mlio nimeumiss jamani, gari limekuwa kama la mke wa mchungaji. Nikipata mtu wa kunipangia kontrol boksi kwa bomba lile, na nikakata bati la kuzuia joto, nitalirudisha. Kwa sasa lipo kwenye buti limefungwa kwenye kanga.

kijana_wa_mbezi

Unauza? Mdomo inchi ngapi?

altezza_ya_kijivu

@kijana_wa_mbezi umesoma uzi wote kweli?

kijana_wa_mbezi

Nimesoma. Inchi ngapi?