Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaadhibiwa kwa usajili uliocheleweshwa na chuo chenyewe

Ndugu wanajukwaa,

Nimemaliza mwaka wangu wa kwanza katika chuo kimoja cha umma jijini Dar es Salaam, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo imenikaa moyoni tangu Novemba. Sitakitaja chuo, kwa sababu wenzangu wa vyuo vingine wamenisimulia mambo yale yale. Kila mwaka tunaambiwa kwamba wanafunzi wapya hufeli kwa kuwa hawajayazoea maisha ya chuo na hawajui kutumia uhuru wao. Mimi nasema wengi wetu tulikwamishwa na utaratibu wa usajili, na alama zilipopotea hakuna ofisi hata moja iliyobeba sehemu yake ya lawama.

Natoka mkoa wa Rukwa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, na wazazi wangu ni wakulima wa mahindi. Anayekijua kilimo cha kwetu anajua kwamba vyuo hufunguliwa wakati mvua zinakaribia na fedha iliyobaki ya mavuno inakwenda kwenye mbegu na mbolea. Nilipata mkopo, lakini haukutosha kulipa ada yote. Sehemu iliyobaki nilitakiwa kuilipa mwenyewe, pamoja na shilingi 50,400 za bima ya afya na michango mingine, kila malipo kwa kontroo namba yake, yaani namba ya kulipia, na bila kukamilisha yote mfumo haukukubali kunisajili. Bila usajili sikuweza kusaini bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, ambalo kwetu lilihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, na bila usajili sikupewa kitanda hosteli. Fedha ambayo ingenisaidia kukamilisha usajili ilikuwa inausubiri usajili huo huo.

Baba aliuza maksai mmoja kati ya wawili aliokuwa akilimia. Naomba msomaji alielewe jambo hilo vizuri: maksai mmoja havuti plau peke yake, kwa hiyo msimu huo shamba la nyumbani lililimwa kwa jembe la mkono, na sehemu yake kubwa haikulimwa kabisa. Fedha ilinifikia wiki ya tatu ya masomo, nikalipa kila kitu siku hiyo hiyo, na risiti ninazo hadi leo.

Baada ya hapo mfumo uliendelea kunionyesha kuwa nadaiwa kwa siku 19. Uhasibu waliniambia malipo wameyaona na kwamba tatizo liko kwa watu wa TEHAMA. Watu wa TEHAMA wakaniambia kwamba wao hawaruhusiwi kugusa taarifa za malipo, nirudi uhasibu. Udahili wakaniambia nije Alhamisi, na Alhamisi nikaambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Mara sita nilipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikikosa vipindi, na hakuna hata mara moja nilipopewa karatasi inayoonyesha kwamba nilifika na nilihudumiwa na nani. Kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, ikawa kana kwamba sikuwahi kwenda.

Siku zote hizo nilikuwa nabebwa, yaani nalala kitanda kimoja na dada mmoja wa mwaka wa pili aliyenionea huruma, naye alijua kwamba akikaguliwa anaweza kufukuzwa hosteli kwa ajili yangu. Kupanga chumba mtaani hakukuwezekana, maana wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye alitaka ya mwezi mmoja.

Wakati huo masomo yalikuwa yakiendelea. Chuoni kwetu kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60, na asiyefikisha 16 katika zile 40 haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Kazi mbili za kwanza zilikusanywa kupitia mfumo, ambao haukunitambua. Nilizichapa na kuzipeleka kwa wahadhiri mkononi; mmoja aliipokea yake, mwingine alisema kwamba hana jina langu kwenye orodha na hawezi kumsahihishia mtu asiye mwanafunzi. Katika somo hilo kazi hiyo niliandikiwa sifuri, nikaingia kwenye mtihani nikiwa na alama 17 kati ya zile 40, na nikaishia kufanya sapu, yaani mtihani wa marudio. Nilipokwenda kwa mshauri wa wanafunzi nikiwa na risiti zangu, niliambiwa kwamba sasa mimi ni mtu mzima na nilipaswa kufuatilia mapema.

Nilifuatilia. Ndilo jambo pekee nililolifanya mwezi huo.

Wiki ya kwanza, ambayo ilitengwa kwa ajili ya kutupokea, tulikaa ukumbini kusikiliza hotuba, na nje yalipangwa mahema ya benki na ya wauza laini za simu. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kuchagua kozi kwenye mfumo wala ofisi ya kwenda malipo yasipoonekana.

Ninachodai hakihitaji bajeti mpya. Mwanafunzi mwenye risiti apewe usajili wa muda siku hiyo hiyo, jina lake liingie kwenye orodha ya wahadhiri, na uhasibu na TEHAMA wamalizane wenyewe. Kila dirisha liandike tarehe na jina la aliyemhudumia mwanafunzi. Tena kusiwe na kazi wala testi yenye alama kabla muda wa usajili haujaisha, kwa sababu chuo chenyewe ndicho kilichopanga tarehe zote mbili.

Wanafunzi wapya wataripoti hivi karibuni, na mdogo wangu yumo. Wenye risiti na tarehe zinazofanana na zangu naomba waandike hapa chini siku waliyolipa na siku waliyosajiliwa, bila kutaja majina ya watumishi. Nitazikusanya kwenye jedwali moja na kuzipeleka serikali ya wanafunzi kabla chuo hakijafunguliwa, na nitadai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.